Plazma ya Kwaresima

Wiki niliyokabidhi funguo za maabara, Neema, ambaye ndiye aliyeirithi meza yangu, aliniita nione mashine mpya. Kuna daktari wa mifupa anayekuja mjini kwetu kutoka Arusha kuwachoma watu sindano za magoti, na dawa yenyewe inatengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Neema alichota damu mkononi mwa mzee mmoja wa Singe, akaitia kwenye tyubu, akabonyeza kitufe, tukakaa kwenye viti. Mashine ilinguruma kidogo ikasimama yenyewe. Akanionyesha: nyekundu chini, utando mweupe mwembamba katikati, njano juu.

"Hii, Mama, inaitwa plazma yenye chembe sahani nyingi," akaniambia, kwa sauti ile ambayo vijana huitumia wakimwelekeza bibi simu. "Ni mambo mapya haya."

"Ina mawingu?" nikamwuliza.

Akaiinua tyubu kwenye mwanga wa dirisha. "Ina mawingu kidogo. Umejuaje?"

Ninayoandika hapa ni jibu la swali lake, na wengine mliobaki kazini mnaweza kusoma. Habari za vyeo na mshahara sitaziandika, kwa sababu vyote vilichelewa na mnajua.

Nilifika Babati nikitokea milimani Mbulu, binti mwenye sanduku la bati na cheti ambacho wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Siku hizo Babati ilikuwa Mkoa wa Arusha. Manyara lilikuwa jina la ziwa tu. Maabara ya hospitali yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazamana na wodi ya wanaume. Aliyenipokea alikuwa Mzee Josefu, msaidizi wa maabara, mkulima wa Nakwa na mwalimu wa kwaya ya parokia, mtu wa mikono mikubwa iliyoshika tyubu kwa upole wa ajabu. Nilidhani atanikaribisha kwenye hadubini. Akanipeleka kwenye karai.

"Binti, utaosha tyubu," akasema. "Usipojua kuosha, kila utakachokiona kwenye hadubini ni uchafu wako mwenyewe."

Niliosha tyubu mpaka vidole vikawa kama vya mtu aliyekaa mtoni. Ndipo akanionyesha mashine yake. Nyie mmezoea za umeme. Yetu ilikuwa ya mkono, imefungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa meza, na mpini wa kuzungusha kama wa cherehani. Juu kulikuwa na vikombe vinne vya chuma vya kuwekea tyubu. Ukiweka tyubu ya damu upande mmoja, upande wa pili lazima uweke nyingine yenye uzito uleule, hata kama ni ya maji, la sivyo mashine inaanza kuruka na kuchechemea. Mimi ni mfupi. Kila nilipoizungusha, bega langu lilipanda na kushuka na mashine ikaniambia wazi kwamba hainitaki. Kwa hiyo kuzungusha ilikuwa kazi ya Mzee Josefu.

Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, betri zake hazipatikani popote. Mzee Josefu alikuwa na saa yake kichwani: nyimbo.

"Mkojo ni beti mbili," alinifundisha. "Damu ni wimbo mzima."

Na mkono wake ulifuata wimbo. Wimbo ukienda, mpini unaenda. Sasa, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa kwaya, alikuwa na sheria yake nyingine: haimbi wimbo nje ya majira yake. Majilio ni nyimbo za Majilio, Krismasi ni za Krismasi, hata kama kinachozungushwa ni mkojo wa mtu wa Bonga. Mimi ni Mlutheri. Nilimwuliza kama mkojo nao unajua kwamba ni Majilio. Akanijibu kwamba mkojo haujui, lakini yeye anajua.

Halafu hali ikawa ngumu. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa, na nyie hamtaamini, kwa hiyo nitasema kidogo. Sabuni ilipotea. Tuliosha slaidi kwa majivu na magadi, tukazitumia tena na tena mpaka mikwaruzo ikawa mingi kuliko vijidudu. Gozi za kufungia vidonda zilifuliwa, zikachemshwa, zikaanikwa, zikarudi kazini. Mgonjwa akija alibeba mkaa wake wa kuchemshia sindano, na mafuta ya taa kama anayo. Landrova ya hospitali ilisimama chini ya mti wake bila dizeli, kuku wakataga ndani yake. Dereva aliendelea kuja kila asubuhi kuifuta vumbi.

Ni katika hali hiyo alikuja Baba Elizabeti.

Alikuja amekalia kariya ya baiskeli, mkewe Mama Elizabeti akiisukuma kutoka Sigino, mguu wa kulia umefungwa khanga. Plau ya ng'ombe ilikuwa imemkata kwenye muundi, kidonda kikakataa kupona, mwaka ukapita kikawa kidonda ndugu, kile ambacho mtu anaishi nacho mpaka watoto wanakizoea. Tulipofungua khanga niliona shimo pana kuliko kiganja changu, kingo zake ngumu na nyeupe kama ngozi ya kisigino. Mfupa ulikuwa bado mzima.

Daktari wetu wakati huo aliitwa Malekela, mgeni kutoka Iringa, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, aliyesoma majarida ya zamani ya tiba hata yale yaliyofungiwa maandazi. Alikitazama kidonda kwa muda mrefu.

"Mzee, huu mguu tumechelewa nao," akasema. "Nikishindwa kukifunga hiki kidonda, itabidi uende Arusha wakukate chini ya goti. Kikiachwa hivi kitakuua."

Baba Elizabeti hakuuliza kama itauma. "Nitalimaje?" akauliza.

"Mama Elizabeti ataongoza ng'ombe."

"Ng'ombe wangu hawamsikii mtu mwingine," akasema. "Daktari, nina mabinti wanne na shamba moja. Ukinikata mguu umewakata na wao."

Mama Elizabeti alikuwa amesimama mlangoni ameshika baiskeli. Mimi nilimwangalia yeye kuliko nilivyoangalia kidonda, kwa sababu nyumbani nilikuwa na mtoto mchanga, Naomi wangu, na niliielewa hesabu anayoipiga.

Kesho yake Daktari Malekela alikuja maabara akaketi juu ya ndoo, maana kiti kilikuwa kimoja. Akasema amesoma mahali kwamba ndani ya damu kuna chembe sahani, vipande vidogo sana ambavyo kazi yake ni kukimbilia penye jeraha na kugandisha, na kwamba wako watu wanaofikiri vipande hivyo pia vinaiamsha nyama ianze kujijenga. "Nimesoma tu, sijaona mtu akifanya," akasema. "Je, tunaweza kumtengenezea plazma ya damu yake mwenyewe, safi, bila wadudu?"

Mzee Josefu akaniangalia, nikamwangalia. Plazma tulikuwa tunaitenga kila wiki kwa vipimo. Kumrudishia mtu mwilini ndiyo ilikuwa mpya.

Daktari alimweleza Baba Elizabeti yote, na kwamba hamwahidi chochote. Yule mzee akafikiri, akasema, "Damu ni yangu, kidonda ni changu. Mnachohamisha ni mahali tu. Fanyeni."

Tulifanya hivi. Tyubu na sindano za kioo tulizichemsha kwenye sufuria ya presha juu ya jiko la mkaa. Kwanza tulivuta ndani ya sindano ile dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo tulikuwa tunaichanganya wenyewe kwa ajili ya vipimo na sasa tukaichemsha upya, halafu tukachota damu mkononi polepole, maana damu ikivutwa kwa pupa inaanza kuganda yenyewe na kazi imeharibika. Tukagawa kwenye tyubu mbili sawasawa, tukaziweka zikitazamana. Mzee Josefu akashika mpini.

Ilikuwa Kwaresima. Akaimba wimbo wa Kwaresima, ule mrefu wa Njia ya Msalaba, unaotembea kama mtu aliyebeba gunia kupanda mlima. Mpini nao ukapanda mlima.

Alipomaliza, damu ilikuwa imetengana, lakini plazma haikunifurahisha. Ilikuwa na mawingu kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Shuleni tulifundishwa kwamba plazma nzuri ni angavu. Yenye ukungu ni dalili ya kazi mbovu. Nilimwomba Daktari radhi. Akasema twende hivyohivyo. Nikaivuta ile njano kwa pipeti, nikakomea kabla ya kugusa ule utando mweupe. Nusu Daktari aliidunga kidogo kidogo kuzunguka kingo za kidonda. Nusu tuliitia kwenye kisahani tukaidondoshea matone ya kalsiamu, na baada ya kusubiri ikashikana kama maziwa ya mgando. Tukaitandaza juu ya kidonda kilichosafishwa, tukafunga gozi.

Alilazwa wodini, nasi tukarudia hivyo kila wiki. Na jamani, kile kidonda kiliamka. Kingo zikalainika. Chini ya shimo zikaota punje nyekundu nyekundu, nyama changa, ile ambayo ukiigusa inatoa damu kwa furaha. Mama Elizabeti alikuwa anakuja kutoka Sigino na chungu cha uji, na kabla ya kumsalimu mumewe alikuwa anafunua gozi. Daktari akaacha kulitaja neno Arusha.

Ikaja Pasaka. Tuliporudi kazini, Mzee Josefu alikuwa amechangamka kama kijana. Akashika mpini akaimba wimbo wa ufufuko, wenye aleluya nyingi, na mashine ikalia kama nyuki. Plazma iliyotoka ilikuwa nzuri mno, angavu kama mafuta ya alizeti. Tulimpelekea Daktari tukiwa na majivuno. Wiki iliyofuata vilevile. Na iliyofuata.

Kidonda kikasimama. Halafu kikaanza kurudi nyuma, kingo zikakauka tena. Daktari alikitazama asubuhi moja akavua miwani.

"Nimesikia dizeli itafika," akasema. "Ikifika, gari la kwanza ni lako, mzee."

Siku hiyohiyo nilikwenda nyuma ya jiko la wodi kutupa maji, nikamkuta Mama Elizabeti amesimama peke yake anatoa sauti nzito, ya kiume. Nilidhani ameumwa. Alikuwa anajifunza kuita ng'ombe kwa sauti ya mumewe. Aliponiona akanyamaza, akajifunga khanga yake vizuri, akanisalimia kama vile hakuna kitu. Nilirudi maabara nikalia juu ya karai la tyubu, na sioni aibu kulisema.

Daktari Malekela hakuwa mtu wa kukubali upesi. Alituita sote kando ya kitanda cha Baba Elizabeti, akauliza kimoja kimoja: nini kimebadilika tangu Pasaka? Mkaa? Uleule. Maji? Yaleyale ya bomba la uwanjani. Dawa ya kuzuia kuganda? Chupa ileile. Gozi? Zilezile, Mungu atusamehe. Chakula? Mama Elizabeti akasema uji ni uleule na mikono ni ileile.

"Mmebadilisha wimbo," akasema Baba Elizabeti.

Tukageuka. Alikuwa amelala chali, anaangalia dari. "Nawasikia kwa dirisha. Zamani mlikuwa mnaimba ule wa taratibu, nikisinzia nao. Sasa huyu mzee anaimba kama anakimbizwa. Sisemi ni vibaya. Mmeuliza kilichobadilika."

Mzee Josefu alikasirika kidogo. Akasema ndivyo Pasaka inavyoimbwa. Lakini Daktari alikuwa amekwisha kusimama. "Twende maabara," akasema. "Imbeni zote mbili."

Sitasahau asubuhi ile. Tulichota damu ya Baba Elizabeti, tukaigawa mara mbili. Mzee Josefu akaimba ya Pasaka kwa tyubu za kwanza. Za pili, Daktari akamwomba ule wa Kwaresima, naye akakataa.

"Daktari, Bwana amefufuka," akasema. "Mimi niendelee kumlilia?"

"Basi zungusha polepole bila wimbo."

Akajaribu kwanza kwa tyubu za maji. Mkono ulianza vizuri, ukasahau, ukakimbia. Akajaribu tena, ukakimbia tena. Nilijaribu mimi, mashine ikachechemea. Mzee Josefu akatazama dirishani, wodini, akaona mguu uliofungwa. Akavua kofia, akaweka zile tyubu za damu. Akaimba ule wa Kwaresima kwa sauti ya chini sana, wote, mpaka mwisho.

Tukaziweka tyubu bega kwa bega kwenye mwanga. Ya Pasaka angavu. Ya Kwaresima mawingu. Nikatia tone la kila moja kwenye slaidi zenye mikwaruzo michache, tukapokezana hadubini. Kwenye ile angavu palikuwa kama uwanja uliofagiwa. Kwenye ile ya mawingu kulijaa vidoa vidogo vinavyometa, vimetapakaa kila mahali kama vumbi kwenye mwanga wa mlangoni. Haukuwa uchafu. Mawingu yenyewe ndiyo yalikuwa chembe sahani.

Daktari akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Ni nyepesi kuliko chembe nyingine zote za damu, akatueleza. Ukizungusha taratibu, nyekundu zinazama na hizi zinabaki zinaelea kwenye njano. Ukizungusha kwa nguvu, nazo zinavutwa chini, zinajificha kwenye ule utando mweupe ambao mimi nilikuwa nauacha kwa uangalifu mkubwa. "Tangu Pasaka," akasema, "tumemchoma mzee maji ya njano mazuri sana."

Mzee Josefu alikwenda kumwona padre. Sikuwepo, nilisimuliwa na yeye mwenyewe. Padre alimwuliza ni nani atakayesikia. Akajibu ni mgonjwa mmoja na Mlutheri mmoja. Padre akasema basi aimbe, ila afunge mlango. Dirisha hakulitaja.

Kwa hiyo majira yote yale, watu wakiimba aleluya kanisani, maabara yetu ilikuwa bado Kwaresima. Tulipata na udadisi wa ziada. Kwa ruhusa ya mgonjwa, mara moja Daktari alitaka tuchukue na ule utando mweupe, tuone kama chembe nyingi zaidi zitafanya kazi zaidi. Kidonda kikawa chekundu, kikapata joto, Baba Elizabeti akatuambia kwa adabu kwamba hiyo tumpe mtu mwingine. Hatukurudia. Mwenye kujua kwa nini, wakati ule, hakuwepo Babati.

Nyama ikaanza tena kuota. Dizeli ilifika kabla kidonda hakijafunga. Dereva alichungulia wodini, injini inaunguruma nje, akauliza yuko wapi wa kukatwa mguu. Daktari akafunua gozi, akaangalia, akaangalia tena kwa miwani. Shimo lilikuwa limebaki kama mfuniko wa soda.

"Mchukue yule mama wa mimba," akasema. "Huyu hana safari."

Mama Elizabeti akakaa chini palepale, sakafuni, akafunika uso kwa khanga. Kilipofunga kabisa, Baba Elizabeti alirudi Sigino kwa miguu yake. Baiskeli alipanda mkewe, yeye akaisukuma.

Siwezi kuapa kwamba ni plazma iliyomponya. Alipumzika, alikula, kidonda kilisafishwa kila siku kwa maji yaliyochemshwa, na hayo peke yake yamewaponya wengi. Mgonjwa mmoja si ushahidi, nyie mnalijua hilo kuliko mimi. Naandika nilichokiona. Daktari Malekela alihamishwa, aliyekuja baada yake hakuwa na muda wa mambo hayo, mashine ya umeme ikaja, betri za saa zikapatikana, na Mzee Josefu akastaafu akarudi kwenye mahindi yake Nakwa.

Neema ndiye aliyenimalizia darasa, siku ile ya mashine mpya. Aliniambia kwamba siku hizi ziko za aina aina: zenye chembe nyeupe na zisizo nazo, za maji na za kugandishwa, za kuzungushwa mara moja na za mara mbili, na kwamba wataalamu bado wanabishana ipi ni ya nini. Zile zenye chembe nyeupe, ambazo hukaa kwenye ule utando, akasema, huweza kuleta joto na maumivu. Nilipiga meza kwa kiganja. Miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri mtu anieleze kile kidonda kilikasirikia nini.

"Na nyie, Mama," akaniuliza, "mlikuwa mnazungusha kwa kasi gani?"

"Ya Kwaresima," nikamwambia.

Mwezi uliopita Mzee Josefu alifariki. Tulimzika Nakwa, Pasaka ikiwa mbichi bado, kwaya ikiwa na nyimbo zake za ufufuko tayari. Jeneza liliposhushwa, kati ya walioshika kamba alikuwepo mzee mmoja mkavu aliyekuja kwa miguu kutoka Sigino. Alipomaliza kutupa udongo alimwendea mwalimu wa kwaya, kijana asiyemjua.

"Imbeni ule wa mguu wangu," akasema.

Kijana hakuelewa. Watu wakanitazama mimi, nikaeleza ni wimbo gani. Padre, naye kijana, akasema taratibu kwamba huo ni wa Kwaresima, mzee, na sasa ni Pasaka. Baba Elizabeti akainama, akakunja suruali mguu wa kulia. Kovu lilikuwa limelala kwenye muundi, pana, laini, linang'aa.

Padre aliliangalia. "Basi imbeni," akasema.

Walianza haraka kidogo, kama vijana wanavyoanza kila kitu. Baba Elizabeti akatikisa kichwa, wakapunguza. Wimbo ukaanza kupanda mlima wake, na nilipoangalia chini, mkono wangu wa kulia ulikuwa unazunguka.